Kununua betri mpya za karavani: anza na vichwa vyake

Malalamiko ninayopokea kutoka kwa wasomaji waliobadilisha betri za karavani yanafanana kiasi cha kuchosha. Mtu amenunua betri mpya, mara nyingi ya lithiamu, ametoa fedha nyingi, ameifunga mwenyewe siku ya mapumziko, na taa zinawaka vizuri. Lakini akiweka birika la umeme kwenye inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa nyumbani, inveta inalia na kuzima. Muuzaji anamwambia kwamba inveta ndiyo mbovu. Ananunua nyingine, na tatizo linabaki palepale. Halafu siku moja anainama karibu na sanduku la betri, ananusa harufu ya plastiki iliyoungua, na kukuta kifuniko chekundu cha kichwa cha betri kimelainika na kujikunja. Betri ni nzima na inveta ni nzima. Kibovu ni kiungo kati ya waya na betri, na kiungo hicho hakitajwi katika tangazo lolote.

Ampea-saa kila mtu anazisoma, uzito kila mtu anaupima kwa mgongo wake, na bei haihitaji mwalimu. Mambo hayo sitayapigia kelele hapa. Nitazipanga betri kwa swali ambalo halimo katika jedwali la muuzaji yeyote: umeme unatokaje nje ya sanduku hili, na je, mahali unapotokea patabaki pamekaza baada ya safari ndefu ya barabara yenye makorongo?

Kichwa cha betri kinavyoteketea

Inveta ya wati 1500 inayofanya kazi kwa nguvu zake zote huvuta takriban ampea 130 kutoka katika betri ya volti 12. Joto linalozaliwa katika kiungo hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo wenyewe, kisha kwa ukinzani wa kiungo. Ndiyo maana kasoro ambayo taa na pampu ya maji haziioni kamwe hugeuka hatari mara birika linapoanza kuvuta umeme. Tuseme kiungo kina ukinzani wa miliomu moja tu, yaani sehemu moja ya elfu ya omu. Kwa taa zinazovuta ampea 5, joto lake halifiki hata sehemu ya kumi ya wati, wala kidole hakiwezi kulihisi. Kwa ampea 130 ni takriban wati 17, na kwa ampea 200 ni wati 40, jambo ambalo ni sawa na kuegemeza chuma cha kulehemea cha fundi redio juu ya kichwa cha betri na kukisahau hapo. Kiungo kizuri hakifiki hata sehemu ya kumi ya ukinzani huo. Kibaya zaidi ni kwamba hali hii hujilisha yenyewe: chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa hunywea, bolti hulegea kidogo, uso wa shaba hushika kutu nyembamba, ukinzani hupanda, na joto la safari inayofuata huwa kubwa kuliko la safari iliyopita.

Sasa tazama betri yenyewe. Betri nyingi za lithiamu za siku hizi hazina nguzo za risasi zinazochomoza kama zile za gari. Zina tundu lenye hesi ambamo bolti, kwa kawaida ya M8, huingizwa kutoka juu. Tundu hilo lina kikomo chake chini, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Chukua kijiti cha meno (cha mti, tafadhali, wala si msumari), kitumbukize mpaka kigote, weka alama kwa ukucha pale kinapolingana na uso wa kichwa, kisha kipime kwa rula. Tuseme umepata milimita 12. Sasa shika pamoja lagi, yaani lile jicho la shaba lililobanwa mwishoni mwa waya, na washa zake (zile pete bapa za chuma), upime unene wote. Tuseme ni milimita 6. Bolti ya milimita 20 iliyokuja na betri katika kimfuko cha plastiki itataka kuingia milimita 14 ndani ya tundu la milimita 12. Itagota chini kabla haijaibana lagi. Mkono utahisi kwamba imekaza, spana ya kupimia nguvu italia kama inavyotakiwa, na lagi itabaki na uwazi wa milimita 2 wa kuchezea. Bolti ya milimita 16 ingeingia milimita 10, ingeshika hesi za kutosha, na ingebana kweli.

Kinyume chake nacho kipo. Mtu anaongeza lagi ya pili juu ya ile ya kwanza, kwa sababu sasa ana paneli za sola, kisha anatumia bolti ileile. Bolti inashika hesi chache tu na siku moja inazing'oa zote kwa pamoja. Kwa bolti ya M8, nisingekubali ishike chini ya milimita 8. Nyaya zikizidi mbili, weka upau wa shaba wa kukusanyia nyaya kando ya betri, na kichwa cha betri kibaki na waya mmoja mnene. Viwango vya ABYC, baraza la Marekani linaloweka kanuni za ufundi wa boti, huruhusu lagi zisizozidi nne katika nguzo moja, na hata hizo nne ni nyingi mno kwa kitu kinachotikiswa barabarani.

Jambo jingine ni mpangilio wa washa. Lagi lazima ilale moja kwa moja juu ya uso wa kichwa cha betri, shaba ikigusana na uso huo, halafu washa ndiyo ifuate juu yake. Nimeona picha nyingi zilizotumwa na watu wenye malalamiko ambamo washa ya chuma kisichoshika kutu imewekwa chini ya lagi, eti ili kuinyanyua kidogo ipite ukingo wa plastiki. Chuma hicho hupitisha umeme kwa shida takriban mara 40 kuliko shaba. Ukingo wa plastiki ukiwa juu kuliko uso wa kichwa, kiasi kwamba lagi pana haiwezi kulala, basi betri hiyo imechorwa vibaya na haifai kununuliwa, hata ikiwa na uwezo gani.

Mwisho kabisa ni zile nati zenye mabawa ambazo hukazwa kwa vidole. Viwango vya ABYC vinazikataza kwa nyaya za kuanzia takriban milimita za mraba 13 kwenda juu, na sababu ni rahisi: kidole hakina nguvu ya spana. Hata hivyo betri zenye nati hizo bado zinauzwa, tena zikiwa na picha ya mashua kwenye lebo.

Ya kwanza: lithiamu yenye mfumo wa ulinzi nje ya sanduku

Hapa sitajifanya sina upande. Ninaipenda Victron, kampuni ya Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 1975, na aina yao ya Lithium Smart ndiyo ninayoiweka juu ya nyingine zote. Sababu yangu haihusu rangi ya buluu wala programu ya simu, ingawa programu yenyewe ni nzuri na inakuonyesha volteji ya kila seli. Ninaipenda kwa sababu mfumo wa ulinzi, ule unaozuia betri isichajiwe kupita kiasi wala kukaushwa, haukufungiwa ndani ya betri. Betri hutuma ishara kwa kifaa kilicho nje, nacho huziamuru chaja zisimame au vifaa vizimwe, hivyo mkondo mkubwa unaoelekea kwenye inveta haulazimiki kupita katika bodi ndogo yenye viungo ambavyo huwezi kuviona, kuvigusa wala kuvikaza. Viungo vyote unavyopaswa kuvihofia viko mbele ya macho yako, na mwongozo wa betri unataja nguvu ya kukazia bolti kwa namba.

Kemia yake ni ile ya lithiamu na fosfeti ya chuma (LiFePO4), seli nne za volti 3.2 zilizofungwa kwa mfuatano kupata volti 12.8. Kemia hii ni tulivu kuliko ile ya betri za simu, lakini haisamehe jambo moja: ukiichaji ikiwa chini ya nyuzi joto 0, madini ya lithiamu hujipaka juu ya elektrodi hasi badala ya kuingia ndani yake, na madhara hayo hayarudi nyuma. Victron hukata chaji mapema zaidi, katika nyuzi joto 5, na tahadhari hiyo ninaiheshimu.

Kasoro zake nazo ninazijua. Huwezi kuifunga bila kusoma, na kifaa cha ulinzi huuzwa kando. Hapo ndipo wauzaji wanaponikera: wanatangaza bei ya betri peke yake, mtu anafurahi, anailipia, kisha anagundua kwamba bila kifaa cha ulinzi, bila fyuzi kuu na bila swichi ya kuendeshwa na kifaa hicho, alichonunua ni sanduku zito tu. Bei halisi ni ya mfumo mzima, na muuzaji mwaminifu angeiandika hivyo. Ukiomba hesabu, omba ya vitu vyote kwa pamoja, kwa maandishi.

Ya pili: jozi ya betri za maji za volti 6

Wapo watakaoshangaa kuona betri ya maji imewekwa juu ya lithiamu nyingi. Trojan, kampuni ya California iliyoanza mwaka 1925, bado inatengeneza T-105, betri ya volti 6 iliyokusudiwa vigari vya gofu, na jozi yake iliyofungwa kwa mfuatano inampa mwenye karavani volti 12 na ampea-saa 225 kwa kipimo cha saa 20. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Namba hiyo hupatikana ukiitumia polepole. Ukiimaliza kwa saa 5 utapata ampea-saa 185, na ukitaka iishi miaka mingi hutaishusha chini ya nusu. Kila moja ina uzito wa takriban kilo 28.

Ninaipenda kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya kazi hii hasa, kwa bamba nene za risasi, na kwa sababu hutolewa na aina kadhaa za vichwa, hivyo unaweza kuagiza vyenye nguzo ya bolti na nati ya kukazwa kwa spana. Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu muuzaji asipoulizwa hukupa ile iliyo karibu na mlango. Risasi ni laini: hubonyea polepole chini ya bolti, kwa hiyo kiungo kilichokazwa leo kinahitaji kuangaliwa tena baada ya safari ya kwanza, na ukikaza kwa hasira utaiharibu nguzo.

Betri za maji hutoa haidrojeni zinapochajiwa, na gesi hiyo inaweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Kwa hiyo mahali pake ni katika sanduku lenye matundu ya hewa, nje, juu ya fremu ya mbele ambako karavani nyingi huziweka, na kamwe si chini ya kitanda. Baridi haiikatazi kuchajiwa kama inavyoikataza lithiamu, lakini ikiachwa bila chaji, asidi yake huwa karibu maji matupu na huweza kuganda na kupasua sanduku. Pima urefu wa kwenda juu pia: hizi hufika takriban sentimita 28, na masanduku mengi ya betri za kawaida hayafungi kifuniko juu yake. Anayetaka kuendesha inveta kubwa aachane nazo. Anayetumia taa, pampu, feni na simu, na aliye tayari kuongeza maji yaliyotoneshwa mara kwa mara, hahitaji kitu kingine.

Ya tatu: lithiamu ya sanduku moja

Hizi ndizo zinazouzwa zaidi, zenye bodi ya ulinzi ndani, na baadhi yake ni nzuri sana. Nimeziweka hapa kwa sababu ubora wake haujulikani mpaka uulize, na wauzaji wengi hawajibu. Uliza mkondo ambao bodi inaruhusu bila kukoma, si ule wa sekunde chache. Betri ya ampea-saa 100 mara nyingi huruhusu ampea 100, ambazo kwa volti 12.8 ni wati 1280, na mwenye inveta ya wati 2000 anayenunua betri moja ya namna hiyo amejinunulia kuzimikiwa. Uliza kama inakata chaji yenyewe baridi inapofika, na usikubali jibu la kwamba ina kinga zote. Uliza kina cha tundu la bolti.

Swali hili la mwisho ndilo linalowavua nguo. Nilimwandikia muuzaji mmoja kumwuliza kina cha tundu na nguvu ya kukazia, akanijibu kwa kunitumia picha ya katoni. Nilipomwandikia tena akaniambia bolti zimo ndani. Sikumwandikia mara ya tatu. Mtengenezaji makini huchapisha mchoro wenye vipimo vya kichwa, huandika nguvu ya kukazia, na hueleza ni betri ngapi zinaruhusiwa kufungwa kwa mfuatano au sambamba. Asiye na karatasi hiyo aachwe na mzigo wake.

Kuna jambo jingine la bodi ya ndani ambalo mwenye trela hapaswi kulipuuza. Trela zenye breki za umeme huwa na swichi ya dharura yenye kamba iliyofungwa kwenye gari. Trela likichomoka, kamba huchomoa pini na breki hushikwa kwa umeme wa betri ya karavani. Bodi ya ulinzi ikiwa imeizima betri kwa sababu chaji imeisha, breki hizo hazina umeme. Kwa hiyo betri ya lithiamu isiachwe ikauke usiku wa kuamkia safari, na swichi ya dharura iunganishwe upande wa betri, kupitia fyuzi yake yenyewe, kabla ya swichi kuu ambayo mtu anaweza kuisahau ikiwa imezimwa.

Ya nne: betri kavu za AGM

Hizi ni betri za risasi ambazo asidi yake imefyonzwa katika mkeka wa nyuzi za kioo. Ni safi, hazimwagiki, zinaweza kukaa mahali ambapo betri ya maji haifai, na aina nzuri huwa na vichwa imara vya bolti. Lakini ni nzito kama za maji, ni ghali zaidi ya hizo, na nusu ya uwezo wake bado ni ya kutazama tu. Chaja yenye hatua ya kupandisha volteji ili kusafisha bamba huziua, kwa sababu maji yanayotoka kupitia vali hayarudishwi. Ningezipendekeza kwa mwenye karavani ambayo betri zake ziko ndani na ambaye husafiri katika baridi kali. Wengine wapite.

Ya mwisho: za bei ya chini

Betri ya maji yenye lebo ya mashua na namba kubwa ya nguvu za kuwashia injini ni betri ya kuwashia injini, hata ikiitwa ya kazi mbili, na mara nyingi ndiyo yenye nati za mabawa. Lithiamu ya bei ya kutupa isiyo na mchoro wala anwani ya kudaiwa dhamana haina nafasi katika chumba unacholala.

Namba za kwenye katoni

Niseme kidogo kuhusu namba hizo, maana zimenichosha. Katoni inasema betri itadumu mizunguko 4000. Mizunguko 4000, mmoja kila siku, ni karibu miaka 11 bila kupumzika, na hakuna karavani inayotumiwa hivyo. Wakati huohuo dhamana iliyo kwenye karatasi ndogo ndani ya katoni ni ya miaka michache, na huhesabiwa batili bolti zikikutwa na alama za joto. Yaani muuzaji anakupa bolti zisizolingana na tundu, halafu anaitumia ile alama ya moto kama ushahidi dhidi yako. Na lile neno la kwamba unatoa ya zamani na kuweka mpya bila kubadilisha chochote ni la kuuzia tu. Konveta nyingi za zamani, yaani vile vifaa vya karavani vinavyochaji betri kwa umeme wa nje, hushikilia takriban volti 13.6, wakati lithiamu ya aina hii huhitaji takriban 14.2 hadi 14.6 ili ijae na seli zake zisawazishwe. Itafanya kazi, lakini hutajua kamwe umenunua uwezo kiasi gani. Wala usizitegemee zile taa nne za ukutani zinazoonyesha chaji: volteji ya lithiamu haibadiliki sana mpaka inapokaribia kuisha, kwa hiyo unahitaji kipimo chenye shanti, yaani kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo unaojulikana, kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kuzibadilisha bila kuumia

Anza kwa kuvua pete, saa na mkufu, na kuvaa miwani. Chomoa umeme wa nje, zima inveta, kisha tenganisha paneli za sola kabla ya betri, kwa sababu vidhibiti vingi vya sola vinaweza kuharibika vikiachwa na paneli bila betri. Piga picha ya kila waya. Rangi zisikudanganye: katika karavani zilizotengenezwa Amerika Kaskazini, waya mweusi wa volti 12 kwa kawaida ndio chanya na mweupe ndio hasi, na aliyezoea magari, ambako mweusi ni hasi, huunganisha kinyume na kuunguza fyuzi za konveta kwa sekunde moja. Pima kwa mita, andika kwenye utepe, ubandike kwenye waya.

Waya wa hasi hutoka kwanza na kurudi mwisho. Hasi ikiwa imeshatoka, spana itakayoteleza kutoka kwenye chanya na kugusa fremu haitapiga shoti. Zungushia mpini wa spana utepe wa umeme hata hivyo, kwa sababu vichwa viwili vya betri moja bado viko karibu. Asidi ikimwagika, magadi huituliza, vaa glavu.

Fyuzi kuu ikae karibu na kichwa cha chanya kadiri inavyowezekana, na hapa tena namba inayosomwa na watu si yote. Ampea 200 zilizoandikwa juu ya fyuzi hueleza ni lini itaungua. Hazielezi kama itaweza kuukata mkondo wa shoti bila umeme kuendelea kuruka ndani yake. Lithiamu ikipigwa shoti inaweza kutoa maelfu ya ampea. Fyuzi za aina ya ANL hukata hadi ampea 6000 katika volti 32. Zile ndogo za aina ya MRBF zinazokaa juu ya kichwa cha betri hukata 10,000 katika volti 14. Za aina iitwayo daraja T hukata 20,000. Kwa lithiamu mbili au zaidi zilizofungwa sambamba ninachagua daraja T bila mjadala.

Betri zinazofungwa sambamba ziwe za aina moja, umri mmoja na uwezo mmoja, na za lithiamu zijazwe kila moja peke yake kwanza. Chanya ya mfumo itoke kwenye betri ya kwanza na hasi itoke kwenye ya mwisho, ili zote zifanye kazi sawa. Lithiamu na risasi zisifungwe pamoja. Gari linalovuta nalo liangaliwe: lithiamu hupokea mkondo wowote inaopewa, na waya mwembamba wa plagi ya trela au altaneta yenyewe (jenereta ya injini) inaweza kuzidiwa, kwa hiyo pawepo chaja ya DC hadi DC katikati, yaani ile inayopokea umeme wa gari na kuupeleka kwenye betri kwa kiasi kilichodhibitiwa. Orion ya Victron hufanya kazi hiyo, na mmeshajua upande wangu.

Kila kitu kikishakazwa, usiondoke. Endesha mzigo wa takriban ampea 100, weka ncha moja ya mita juu ya kichwa cha betri chenyewe na nyingine juu ya shaba ya lagi, ukisoma milivolti. Milivolti 10 au pungufu ni kiungo kizuri. Milivolti 100 ni ile miliomu moja niliyoieleza mwanzoni, na maana yake ni kuzima, kutoa hasi, kufungua, kusafisha uso kwa brashi ya waya na kupima tena kina cha tundu. Rudia kwa kila kiungo, pamoja na vile vya fyuzi, swichi na shanti. Kisha chora mstari mwembamba wa rangi unaopita juu ya kichwa cha bolti hadi kwenye lagi. Baada ya safari ya kwanza utazame: mstari ukiwa umekatika, bolti imegeuka, na kuikaza tu hakutoshi, kwa sababu uso uliokwishapata joto una kutu ambayo spana haiwezi kuiondoa.